Plastiki Isinyaayo: Namna ya Kutengeneza Mapambo ya Sikukuu



Ukurasa huu wa kazi za mikono umezoea kuleta habari za ususi, ufinyanzi na useremala. Leo nataka kuwaeleza kazi nyingine, nayo ni kutengeneza mapambo ya sikukuu kwa plastiki isinyaayo motoni. Kazi hii ni ndogo, haina gharama kubwa, na vyombo vyake vyapatikana karibu katika kila nyumba. Walakini yataka akili na subira, maana ndani yake mna fizikia, mna kemia na mna hesabu. Asiyepima kabla ya kukata ataharibu mali yake bure.

Nitaeleza kama tulivyofanya sisi katika chama chetu cha kazi za mikono hapa Uganda. Mwisho wa muhula wa tatu wanafunzi 38 wa kidato cha nne walikuwa wakimaliza masomo yao. Tulitaka kila mmoja wao aende nyumbani na pambo dogo lenye jina lake, alitundike katika tawi la saiprasi siku ya Krismasi, au mlangoni siku ya Idi, au popote apendapo. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hapana hata mmoja atakayesahauliwa. Kumpa mtu zawadi na kumnyima mwenzake aliyeketi naye dawati moja ni vibaya kuliko kutotoa kabisa.

PLASTIKI GANI IFAAYO?

Si kila plastiki isinyaayo vizuri, na nyingine ni hatari kutiwa motoni. Basi jambo la kwanza ni kutambua. Geuza chombo utazame chini yake. Mara nyingi utaona alama ya pembe tatu iliyofanywa kwa mishale, na ndani yake tarakimu. Alama hizi zilianzishwa Marekani mwaka 1988 ili watu waweze kutenga plastiki za namna mbalimbali, na sasa zaonekana katika nchi nyingi.

Tarakimu tuitakayo sisi ni 6. Hiyo ni alama ya polistirini. Tafuta ile iliyo angavu kama kioo na ngumu kidogo, ambayo ukiikunja hulia na kupasuka. Vifuniko vingi vya keki na vya matunda dukani hufanywa kwa plastiki hiyo.

Polistirini nyeupe yenye mapovu, ile ya vyombo vya chipsi, ina tarakimu hiyo hiyo 6, lakini usiitumie. Hiyo imejaa hewa. Ikipata moto huporomoka ikawa donge lisilo na umbo.

Tarakimu 1 ni plastiki ya chupa za maji na soda. Ikipashwa moto huenda mrama, na mara nyingi hugeuka nyeupe. Haifai.

Tarakimu 3 usiipashe moto kamwe. Plastiki hiyo ina klorini ndani yake, na ikizidi joto hutoa gesi ya asidi iumizayo macho, pua na mapafu. Na chombo kisicho na alama yo yote kiache, maana hujui ni kitu gani.

Sisi tulikusanya vyombo muhula mzima. Wengine walileta kutoka nyumbani, na vingine vilibaki siku ya wazazi. Jumla vilikuwa 26. Tulipovitenga tuliona 9 vina tarakimu 1, na 6 havina alama. Vilivyobaki 11 ndivyo vilivyokuwa na tarakimu 6, vyote vya namna moja, na kila kimoja kilikuwa na sehemu iliyo sawasawa ya sentimeta 20 kwa 20. Vifuniko 11, wanafunzi 38: hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu yetu, wala hatukuwa na fedha za kununua vingine.

KWA NINI HUSINYAA?

Kitambaa kipya kikifuliwa hurudi. Watu wengi wamekwisha kuliona jambo hilo, hasa waliovaa shati jipya likawabana baada ya kufuliwa mara moja. Plastiki hii nayo hurudi, lakini sababu yake ni nyingine.

Polistirini ilionekana kwanza mwaka 1839 katika mji wa Berlin, na aliyeiona ni mtengeneza dawa aitwaye Eduard Simon. Aliipata kutokana na utomvu wa mti, wala hakujua ni kitu gani hasa. Mwaka 1920 mtaalamu wa kemia Hermann Staudinger, Mjerumani, alieleza kwamba vitu vya namna hii vimefanywa kwa molekuli ndefu mno, kila moja kama mnyororo wenye pete maelfu. Wenzake wengi walimbishia kwa miaka. Mwishowe ukweli ulionekana, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1953.

Sasa fikiri juu ya nyuzi za katani zilizotupwa chini ovyo. Zimejikunja na kusokotana, kila moja kwa namna yake. Hivyo ndivyo minyororo ya plastiki ipendavyo kukaa. Lakini kiwandani plastiki ikiwa bado moto huvutwa huku na huku mpaka iwe karatasi pana na nyembamba, na minyororo nayo huvutwa ikanyooka. Kisha hupozwa upesi. Minyororo hukamatwa hapo hapo ilipo, imenyooka, haiwezi kurudi. Ni kama watu waliokuwa wakivutana kamba wakaambiwa wasimame vivyo hivyo bila kutikisika.

Ukiipasha moto hata ikapita digrii 100 hivi za Selsiasi, plastiki hulainika, na minyororo hupata uhuru wa kujikunja tena. Yote hurudi kwa pamoja. Urefu hupungua, upana hupungua, na unene huzidi. Hakuna kilichotoka wala kilichoongezwa. Tulipima kipande kwa mizani ya maabara kabla ya moto na baada ya moto, na uzito ulikuwa ule ule.

Labda mtu atauliza: kwa nini tusitumie maji yanayochemka, ambayo ni salama kuliko moto mkavu? Jibu ni kwamba maji huchemka kwa digrii 100 pwani tu. Kampala iko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya meta 1,200, na hapa maji huchemka kwa digrii 96 hivi. Hayafiki joto litakiwalo. Ndiyo maana kifuniko cha plastiki hii chaweza kukaa juu ya chakula cha moto na kisisinyae sana, lakini katika tanuri hujikunja mara moja.

KUPIMA KABLA YA KUKATA

Hapa ndipo tulipobishana. Wengine walisema tusipoteze kifuniko hata kimoja kwa majaribio, kwa kuwa vifuniko vyenyewe ni haba. Wengine, nami nilikuwa miongoni mwao, tulisema kwamba kifuniko kimoja cha majaribio kitaokoa vile kumi. Tulipiga kura, na upande wa kujaribu ulishinda kwa kura mbili.

Tulichukua kifuniko kimoja tukakikata vipande vinne, kila kimoja sentimeta 10 kwa 10. Katika kila kipande tulichora mshale mdogo kuonyesha upande mmoja, ule unaofuata maandishi yaliyobanwa juu ya kifuniko. Kisha tuliviweka motoni. Vilipopoa tulivipima, na vyote vilitoa jibu moja: kwa upande wa mshale sentimeta 10 zilikuwa 4, lakini kwa upande wa pili sentimeta 10 zilikuwa 4 na nusu.

Tazameni maana yake. Plastiki hii haikuvutwa sawasawa kiwandani. Upande mmoja ulivutwa zaidi ya mwingine. Kama tungechora duara, motoni lingekuwa yai. Kama tungeandika majina bila kufuata mshale, mengine yangekuwa marefu na mengine mafupi. Basi tulifanya hesabu hii.

Tulitaka pambo la sentimeta 4 kwa 4. Kwa upande wa mshale yafaa kukata sentimeta 10, maana 10 mara 0.4 ni 4. Kwa upande wa pili twagawanya 4 kwa 0.45, twapata 8.9. Kwa hiyo kila kipande kikatwe sentimeta 10 kwa 8.9, na atakaye duara achore yai la vipimo hivyo.

Kifuniko kimoja chatoa vipande vinne. Vifuniko 10 vyatoa vipande 40. Wanafunzi ni 38, basi vya akiba ni viwili tu. Kila mtu aliyeshika mkasi siku ile aliijua hesabu hiyo.

Na unene je? Tulipanga vipande kumi vya plastiki kimoja juu ya kingine tukapima kwa rula: milimeta 3. Kwa hiyo kimoja ni milimeta 0.3. Eneo la kipande cha majaribio lilikuwa sentimeta za mraba 100, likawa 4 mara 4.5, yaani 18. Ujazo haubadiliki, kwa hiyo unene hapana budi uongezeke mara 100 kugawanywa kwa 18, yaani mara 5.6 hivi. Milimeta 0.3 zitakuwa karibu 1.7. Baadaye tulipanga mapambo kumi tukayapima, na rula ilionyesha karibu milimeta 17. Nilifurahi kuona hesabu ya daftarini na kitu cha mkononi vikikubaliana.

KAZI YENYEWE

Vitu vitakiwavyo ni hivi: vifuniko vyenye tarakimu 6, mkasi, rula, msasa laini, penseli za rangi, kalamu ya wino usiofutika, kitoboleo cha karatasi cha ofisini, karatasi ya kuokea keki, sinia ndogo ya bati, koleo au kijiti cha kutolea, kitabu kizito na uzi.

1. Osha plastiki kwa sabuni, ikauke kabisa. Mafuta ya keki yakibaki, rangi haishiki.

2. Sugua upande mmoja kwa msasa, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, mpaka uwe na ukungu. Penseli ya rangi haiandiki juu ya kitu laini kama kioo. Yataka mikwaruzo ya kushikia.

3. Chora mshale kwenye pembe itakayokatwa baadaye, kisha chora pambo lako. Sisi tulichora nyota, mwezi mwandamo, ngoma, mkungu wa ndizi, na korongo mwenye taji aliye katika bendera ya Uganda. Kila mtu alichorewa alichopenda.

4. Andika jina kwa herufi kubwa. Herufi ya milimeta 5 itakuwa milimeta 2, na hapana atakayeisoma. Sisi tuliandika herufi za milimeta 12, zikawa karibu 5.

5. Paka rangi hafifu. Jambo hili huwashangaza watu. Rangi yote uliyoipaka katika sentimeta za mraba 100 itakusanywa katika 18, kwa hiyo itakoza zaidi ya mara tano. Waridi hafifu huwa nyekundu, na samawati ya mbingu huwa buluu ya jioni. Ukipaka rangi nzito tangu mwanzo, pambo lote litakuwa jeusi.

6. Kata kwa mkasi, pembe zote ziwe za mviringo. Pembe kali ikisinyaa huwa kama kisu. Kisha toboa tundu la uzi sasa, kabla ya moto, sentimeta 1 kutoka ukingoni. Tundu la milimeta 6 litakuwa milimeta 2 na nusu hivi, nalo latosha uzi. Ukingoja mpaka baada ya moto, plastiki huwa ngumu, na ukiitoboa hupasuka.

7. Weka tanuri tayari. Mwenye tanuri ya umeme na aiweke digrii 160. Sisi hatuna, basi tulifanya kama mama zetu wafanyavyo wakioka keki: sufuria kubwa juu ya jiko la makaa, ndani yake mchanga mkavu wa vidole viwili, juu ya mchanga mawe matatu, na juu ya mawe sinia yenye karatasi ya kuokea. Funika, ungoje kadiri ya dakika 20. Kisha tia utepe mdogo wa plastiki ujaribu. Ukisinyaa na kunyooka kati ya dakika 1 na 3, joto lafaa. Ukikaa bila kufanya neno, ongeza makaa. Ukijikunja mara moja na kutoa harufu kali, punguza makaa upesi.

8. Tia vipande viwili tu kwa mara moja, visigusane, upande wa rangi ukiwa juu. Fungua kifuniko kidogo utazame. Kwanza kipande kitajikunja na kujinyonganyonga kama jani katika moto. Mtu asiyejua hudhani kimeharibika akakitoa. Asikitoe! Angoje. Kitafunguka chenyewe mpaka kilale sawasawa. Kikisha kulala, hesabu pole pole mpaka kumi na tano, ndipo ukitoe.

9. Kikandamize mara hiyo hiyo chini ya kitabu kizito kilichofunikwa kwa karatasi. Una sekunde chache tu kabla hakijawa kigumu. Kikipoa, tia uzi.

Sisi tulifanya kazi hiyo kwa zamu tangu saa tisa mchana mpaka jua kuchwa. Mmoja alitazama moto, wawili walitia na kutoa, mmoja alikandamiza, na mmoja alishika orodha ya majina na kuyafuta moja moja. Kilipofika kipande cha 23, ukingo mmoja ulishikamana na mwingine wakati wa kujikunja, na hakikufunguka. Tulichukua kimoja cha akiba tukaandika jina lile upya. Tangu hapo kila aliyetia kipande alikitazama bila kupepesa macho, na kilipoanza kugusana alikitenga kwa ncha ya kijiti. Tulipomaliza kulikuwa na mapambo 38 mezani, na kipande kimoja cha akiba kikabaki.

HADHARI

Fanyeni kazi hii nje, penye upepo, wala si jikoni penye dirisha dogo. Plastiki ikisinyaa kwa joto la kadiri haitoi moshi. Ukiona moshi, jua joto limezidi. Kipande kikianguka juu ya makaa huwaka na kutoa moshi mweusi wenye masizi. Ondokeni upande wa moshi na mmwage mchanga. Wekeni ndoo ya mchanga karibu tangu mwanzo. Tumieni kitambaa kikavu kushika sinia, kwa maana kitambaa kibichi hupitisha joto. Sufuria iliyotumika kwa kazi hii isipikiwe tena chakula. Watoto wadogo na wachore, lakini motoni asimame mkubwa.

Na neno moja juu ya takataka. Jirani zetu wa Rwanda walikataza mifuko ya plastiki kwa sheria mwaka 2008, na mwaka 2019 waliongeza sheria juu ya vyombo vya plastiki vitumikavyo mara moja. Huku kwetu kaveera bado zaziba mifereji wakati wa mvua. Mapambo yetu 38 hayakuponya jambo hilo. Mtu asinunue keki kwa ajili ya kupata kifuniko. Atumie kile ambacho kingetupwa.

KAZI HII ILITOKA WAPI?

Mwaka 1973 akina mama wawili wa Brookfield, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, Betty Morris na Kate Bloomberg, walikuwa wakitafuta kazi ya mikono kwa watoto wa skauti. Waliona watoto wanafurahi mno, wakaanza kuuza karatasi za plastiki hiyo kwa jina la Shrinky Dinks, na mchezo huo ukaenea.

Lakini habari inipendezayo zaidi ni ya mtaalamu aitwaye Michelle Khine, ambaye wakati ule alikuwa katika Chuo Kikuu cha California huko Merced. Alihitaji kutengeneza vijia vyembamba mno vya kupitishia maji, vya kufanyia uchunguzi wa maabara, na vyombo vya kazi hiyo ni vya gharama kubwa. Akaukumbuka mchezo wa utotoni. Alichapa mistari juu ya plastiki ile kwa mashine ya kuchapia ya kompyuta, akaitia katika tanuri ndogo, na mistari ikawa myembamba zaidi na kuinuka juu. Juu yake alimimina mpira laini, nao ukashika umbo la vijia vile. Taarifa ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2008. Basi aonaye kazi za mikono kuwa ni mchezo wa watoto tu, na afikiri tena.

MASWALI

1. Kipande cha mraba cha sentimeta 15 chasinyaa kuwa mraba wa sentimeta 6. Unene wake wa kwanza ni milimeta 0.2. Unene wa mwisho ni kiasi gani?

2. Plastiki yasinyaa kuwa 0.4 ya urefu wake. Ukitaka tundu la milimeta 2, utatoboa tundu la milimeta ngapi?

3. Kifuniko kina sehemu ya sentimeta 24 kwa 18. Kila pambo lataka sentimeta 8 kwa 6. Kitatoa mapambo mangapi?

4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini uzito haubadiliki ingawa kipande huwa kidogo.

Majibu ya hesabu: (1) milimeta 1.25, (2) milimeta 5, (3) mapambo 9. La nne mjibishane wenyewe, na atakayeshindwa na alichukue swali kwa mwalimu wake wa fizikia.

Walio na vifuniko nyumbani wasivitupe. Muhula ujao tutakuwa tena na wenzetu wa kuwaaga, na orodha yao ni ya majina 44.